Mwamuzi ni Mama Yake

Hjulsta, Stockholm
Jumapili, tarehe 5 Oktoba

Kwako Papa yangu mpendwa, Mwalimu Bethuel,

Jambo sana. Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, nikiomba barua hii ikukute salama wewe na Mama na wote mlio nyumbani. Mgongo unasemaje siku hizi? Jonathan alitueleza kwamba sasa unakwenda kanisani kwa miguu bila kuketi njiani, nasi tukashukuru sana. Na kifua cha Mama, je, kimetulia? Habari tunazozisikia za huko Uvira hazitupi usingizi mzuri. Mkikaa siku mbili bila kushika simu, mimi huku chakula hakishuki.

Sisi tuko. Sébastien bado anaendesha basi, na siku zake za mapumziko haziangukii kamwe kwenye zangu, kwa hiyo tunaonana mlangoni, mmoja akiingia, mwingine akitoka. Gaëlle amenipita urefu tangu Pasaka. Ukimwita kwa Kiswahili anakuitikia kwa Kiswidi, kama nilivyokwisha kukueleza, lakini anaitikia, na hilo nalo si haba. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka, Papa. Si uchovu wa ugonjwa. Ni ule wa mtu aliyefika nyumbani akaketi na viatu vyake mguuni, kwa sababu kuinama avivue ni kazi nyingine.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu badala ya simu. Masikio yako siku hizi yanataka mtu apige kelele, na kuna maneno hayafai kupigiwa kelele huku Jonathan na mke wake wakisikiliza. Melchior, yule Mrundi tunayesali naye, anakwenda Bujumbura juma lijalo, ameahidi kuikabidhi barua kwa mtu anayevuka mpaka. Nakuomba uisome ukiwa peke yako, na ile kalamu yako nyekundu uiweke mbali. Najua Kiswahili changu kimeharibika. Huku tunaongea na Wakenya, Watanzania, Waganda, na kila mmoja anakuachia neno lake mdomoni.

Nataka kukueleza habari za mchezo wa Gaëlle. Krismasi iliyopita uliniuliza ni mchezo gani huo unaomfanya mtoto wa kike akose ibada, nami nilikujibu ovyo kwa kuwa nilikuwa nakimbilia kazini. Unaitwa softboli. Msichana mmoja anarusha mpira kwa mkono wa chini, mwingine anamngoja na gongo. Akiupiga mpira, anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu anajitahidi kurudi pale pale alipoanzia, kwenye kibao cheupe kilicholazwa ardhini. Akikikanyaga kabla hajaguswa na mpira, timu yake inapata pointi. Nilipomweleza Mama, alisema ni mateso mengi kwa mtu ambaye hakuwa na haja ya kuondoka. Nilicheka, lakini nilipokuwa nimesimama kwenye baridi ya Aprili nililikumbuka neno lake nikaona lina akili.

Gaëlle yuko kwenye timu ya pili ya wasichana, wale wa miaka kumi na tano hadi kumi na saba ambao bado hawajafikia kiwango cha timu kubwa. Wanajiita Skatorna, jina la ndege wa huku mweusi na mweupe anayefanana na kunguru wetu, mwizi vile vile. Ni watoto wa Hjulsta na Jakobsberg na sehemu za karibu, mchanganyiko wa kila taifa. Rafiki yake mkubwa ni Bella, binti wa Spéciose, yule mama Mrundi ninayekutajia mara kwa mara, tunayeimba naye kwaya. Bella ana mikono yenye nguvu, ndiye mpigaji wao. Gaëlle kazi yake ni mbio. Anakimbia, Papa, mpaka unaogopa.

Sasa sikiliza nilivyoingia mimi. Mwezi wa Februari kocha wao, dada mmoja Mswidi anayeitwa Emilia, alituita wazazi kwenye kikao. Akasema kila klabu ni lazima itoe mwamuzi wake wa kuchezesha michezo ya nyumbani, na mwamuzi wao wa zamani alikuwa amehama mji. Akauliza nani atajitolea. Waswidi wanajua kutazama meza, Papa. Wote walitazama meza. Mimi nilikuwa nimetoka moja kwa moja kazini, kuwahudumia wazee majumbani mwao, miguu inawaka moto, nikainua mkono ili niulize kama kikao kitaendelea sana, maana treni yangu ilikuwa karibu kuondoka. Emilia akapiga makofi. Wazazi wote wakapiga makofi. Mkono wangu ukabaki hewani, na aibu ya kuushusha ikanishinda. Spéciose alicheka mpaka akatoka nje. Tulipokuwa tunashuka ngazi za stesheni aliniambia, “Mama Gaëlle, leo umejifunga kamba mwenyewe.”

Wakanipeleka kozi huko Hallonbergen, siku za mwisho wa juma, mimi na vijana wa umri wa mtoto wangu. Nikajifunza sheria kwa Kiswidi. Nikapewa shati la buluu, barakoa ya vyuma ya kukinga uso, na kidude cha kuhesabia cha kushika kiganjani. Ukitandaza mikono pembeni, maana yake mkimbiaji amefika salama. Ukiinua ngumi, ametolewa. Mwamuzi akishatamka, imekwisha, hata kocha haruhusiwi kubishana naye. Kuna bibi mmoja ninayemwosha na kumpikia uji kila asubuhi, amevuka tisini. Nilipomsimulia, alianza kunirushia soksi zake zilizokunjwa kutoka kitandani, nami naamua kama zimeingia kikapuni au la. Yule bibi alinipinga kila mara. Hizo ndizo asubuhi nilizocheka mwaka huu.

Msimu ulianza vibaya. Mwishoni mwa Aprili theluji ilirudi, wazazi tukaizoa kwa koleo uwanjani ili watoto wapate pa kusimama. Skatorna walipigwa mchezo wa kwanza, wakapigwa wa pili, wa tatu wakapigwa kama ngoma ya harusi. Mimi nyuma ya mdakaji, yule anayeidaka mipira inayompita mpigaji, na nguo tatu chini ya shati la buluu, magoti yakilia kila ninapoinama. Jumapili mbili nilikosa kwaya, na mzee wa kanisa akaniita pembeni kuniuliza kama imani yangu imepoa. Nilimwambia hapana, ila mwili ni mmoja. Hakufurahi, na najua nawe ukisoma hapa hufurahi.

Lakini mwezi wa Mei kitu kikageuka. Wale watoto walianza kuaminiana, sijui nikuelezeje. Bella alikuwa akipiga, Gaëlle akikimbia, na wale waliobaki benchini walikuwa wakiimba nyimbo zao za matusi madogo madogo kwa timu ya wageni. Wakashinda. Wakashinda tena. Gaëlle akaanza kula vizuri, akaanza kunisimulia mambo jikoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipofikisha miaka kumi na mitatu. Alinieleza ni nani anaogopa mpira, ni nani analia chooni kisha anatoka kama hakuna kitu. Mimi nilikuwa nikimsikiliza nikimenya viazi, nakaza masikio nisipitwe na neno, kwa maana Kiswidi chake ni cha mbio kama miguu yake.

Mwezi wa Juni, kabla ya likizo, ilikuja timu moja kutoka nje ya mji. Mchezo ulipokuwa umebana, Gaëlle alikimbia kutoka kituo cha tatu akakikanyaga kile kibao mapema sana, mpira ukiwa bado njiani. Hata mtoto mchanga angeona. Nikatandaza mikono. Nyuma ya wavu alikuwepo baba mmoja wa timu ya wageni, ameshika kikombe cha kahawa. Alimgeukia mwenzake akasema, “Mwamuzi ni mama yake.” Hakusema kwa hasira. Alicheka kidogo, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Yule mwenzake akasema, “Aa, basi,” wakanywa kahawa zao.

Nikajifanya sikusikia. Nimeishi nchi hii miaka kumi na miwili, kujifanya sikusikia nimekuzoea. Lakini lile neno liliingia likakaa. Nikiwa kwenye treni nalisikia. Nikimfunga bibi yangu vifungo vya sweta nalisikia. Nilijua mama Mswidi akimchezesha mwanawe, watasema ni mama anayejitolea. Mimi wangesema nini? Labda wasingesema chochote, labda nilikuwa najisumbua bure. Sébastien alinipa jibu hilo. Yeye akiwa kwenye basi lake abiria wanamwambia mengi kuliko hayo, na akifika nyumbani anavua koti na kuyaacha humo.

Mwezi wa Agosti nilimfuata Emilia nikamwomba atafute mtu mwingine kwa michezo iliyobaki. Nilimwambia si vizuri mzazi kumwamulia mtoto wake. Akanishika bega, akasema watu wa kujitolea hawapo, na kwamba yeye ananiamini, tena ananiamini kabisa. Papa, mtu akikuambia hivyo unajibu nini? Nilivaa barakoa yangu.

Mwisho wa msimu ulikuwa katikati ya Septemba. Timu mbili za juu zingekwenda Göteborg kwenye fainali za vijana. Naomba uelewe Göteborg ilikuwa nini kwa hawa watoto. Siku tatu, treni ya mbali, kulala sakafuni kwenye darasa la shule na magodoro ya kupuliza, wasichana peke yao bila wazazi. Gaëlle hajawahi kulala nje ya Stockholm bila sisi tangu tulipokuja, naye alikuwa mdogo wa kubebwa. Yeye na Bella walikwisha kupatana nani atalala upande wa ukuta. Begi lake lilikuwa limefungwa na kusimamishwa karibu na mlango wa chumba chake, na kila nilipopita na fagio nililizunguka.

Mchezo wa mwisho ulikuwa nyumbani kwetu, na wageni walikuwa ile ile timu ya Juni. Kwa vijana mchezo una saa yake, ikiisha mnaachana kama mlivyo, na sare inakubalika. Kwa pointi tulizokuwa nazo, sare ilitutosha. Siku hiyo ilinyesha tangu asubuhi. Nilikuwa nimetoka zamu ya mapema, nilikula mkate nimesimama. Nilipofika uwanjani nilimwona yule baba nyuma ya wavu, na kikombe chake. Alinipungia mkono kwa adabu.

Sitakuchosha na mchezo wote. Tulifika mwisho, wasichana wetu wakiwa nyuma kwa pointi moja na nafasi imebaki moja tu, akitolewa mmoja zaidi mchezo umekwisha. Gaëlle alikuwa amesimama kituo cha pili, Bella akashika gongo. Aliupiga mpira ukapita katikati ya wasichana wawili wa wageni, ukaenda mbali kwenye nyasi. Gaëlle akaondoka. Alipofika kituo cha tatu Emilia alimwinulia mikono asimame, hakumtazama hata kidogo, akaja. Nilimwona anavyokuja, mdomo wazi, kofia imemshukia. Mpira ukarushwa. Mdakaji wao akaudaka mbele yangu, akajipinda. Gaëlle akajitupa chini na miguu mbele, akateleza kwenye matope, na vyote vikafika hapo chini ya uso wangu kwa pamoja, mguu na glavu na matope. Uwanja wote ulikuwa unanitazama mimi.

Niliinua ngumi.

Wale wageni walirukiana kama vifaranga. Wetu walisimama tu. Emilia alinijia taratibu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa sheria ni hiyo. Bella alilitupa gongo akakaa chini kwenye maji. Gaëlle alilala pale matopeni kwa muda, kisha akainuka, akaokota kofia yake, akaondoka bila kunitazama. Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu, yule baba wa kahawa alizunguka wavu akanipa mkono. Akasema si kila mtu angeweza, na kwamba hiyo ndiyo haki. Papa, nilimshukuru. Nilimwambia asante sana.

Gaëlle alirudi na wenzake kwa treni. Nilitegemea hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele na mlango kubamizwa. Aliingia, akanisalimu, akauliza kama nimekula, akaosha matope yake bafuni na kulifuta bafu. Kesho yake begi halikuwepo tena karibu na mlango. Tangu hapo akawa mtoto wa adabu, wa ndiyo mama na hapana mama. Hadithi za jikoni zikaisha. Sébastien aliniuliza nyumba hii ina msiba gani, nikamwambia ni huzuni ya mpira tu, itapita.

Haikupita. Juma lililofuata, baada ya ibada, tulikuwa na Spéciose jikoni mwa kanisa tunaosha vikombe. Akaniambia, “Mama Gaëlle, mshukuru Mungu kwa mtoto aliyekupa.” Nikamuuliza kwa lipi. Akashangaa kwamba sijui. Ndipo akanieleza alichosimuliwa na Bella. Siku ile, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wasichana walikuwa wananichamba. Walisema sioni, walisema najipendekeza kwa wageni, na mwingine alisema maneno ambayo Spéciose alikataa kuyarudia ndani ya nyumba ya Mungu. Bella mwenyewe alikuwa miongoni mwao, analia na kunitukana. Gaëlle akasimama na nguo zake za matope akawaambia wanyamaze. Akasema, “Nilichelewa. Glavu ilinigusa kwanza. Mama aliona sawa.” Kisha wakamgeukia yeye, kwa nini hakusimama kituo cha tatu kama alivyoamriwa, na lawama ya Göteborg ikahama kutoka kwangu ikamwangukia yeye. Wengine mpaka Jumapili hiyo ya vikombe walikuwa hawajamsemesha.

Spéciose alitaka nifurahi. Mimi nilishindwa kumaliza vikombe.

Papa, sasa nakuja kwenye lile lililonifanya niombe usome peke yako. Mguu ulifika. Nilikuwa nimeinama juu yake, uso wangu haukuwa mbali nao kuliko ulivyo mbali uso wako na karatasi hii. Niliuona unakikanyaga kibao, nikaiona glavu ikija baadaye na kumgusa gotini. Sikukosea. Mvua haikunizuia kuona. Niliona sawa sawa, kisha nikamsikia yule mtu wa kahawa kichwani, hata kabla hajasema kitu, na mkono wangu ukainuka na ngumi yake. Nilimchukua mtoto wangu nikamtoa mbele ya wageni ili watu nisiowajua majina waniite mwenye haki. Na waliniita.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Alhamisi moja nilitoka kazini mapema, nikamkuta Gaëlle mezani anafanya masomo yake. Niliketi mbele yake na koti langu mwilini. Nilimwambia kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiswidi ningetafuta maneno ya kujificha. Nilimwambia, “Mwanangu, ulifika. Nilikuona umefika.”

Hakushangaa. Aliweka kalamu chini akaniuliza, “Kama angekuwa Bella?”

Nikamwambia kama angekuwa Bella, ningetandaza mikono.

Akasema, “Najua. Nilikisikia kibao chini ya kiatu changu, mama. Nilikuwepo.” Nikamuuliza kwa nini basi aliwadanganya wenzake na kujitwisha lawama. Akanijibu kwa namna ya mtu anayeulizwa kitu kisicho na maana. Alisema, “Walikuwa wanakusema vibaya.” Halafu machozi yakamtoka, si ya kelele, akasema hakukosa usingizi kwa ajili ya Göteborg. Alikuwa anangoja nimwambie. Kila nilipopita karibu na mlango wake alidhani ni siku hiyo.

Nilitaka kumshika, lakini alikuwa bado hajawa tayari kushikwa, nikaliona hilo, nikabaki kwenye kiti changu. Baadaye alinyanyuka, akanifungua vifungo vya koti kama mimi ninavyomfungua yule bibi, akalitundika, akarudi kwenye masomo.

Jumamosi iliyopita ilikuwa sherehe ya kufunga msimu, soseji za kuchoma na keki, wazazi wote wapo. Niliomba nafasi. Nikasimama nikawaambia kwa Kiswidi changu hiki kwamba mkimbiaji alikuwa amefika salama, kwamba mwamuzi aliliona hilo na akaamua vingine kwa kuogopa maneno ya watu, na kwamba Gaëlle aliwaambia uongo ili anifunike mimi. Nilisema sitachezesha tena. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Mama mmoja alishika mdomo. Baba mmoja alisema kwa sauti kwamba watoto wamenyang'anywa safari yao, kisha akamwita binti yake wakaondoka, na sikumlaumu. Emilia aliweka sahani yake chini, akasema matokeo hayabadiliki, na kwamba alinisikia Agosti nilipomwomba ila hakunisikiliza. Bella alimwendea Gaëlle wakatoka nje, sijui waliongea nini. Nilipowachungulia walikuwa wameketi kwenye benchi la wachezaji, kila mmoja na soseji yake, wamesogeleana. Wengine wawili watatu wa timu bado hawamsemeshi. Msimu ujao anasema atacheza, labda. Mimi nimerudisha shati na barakoa.

Hayo ndiyo ya huku, na ningeweza kuishia hapa. Lakini tangu ile Alhamisi kuna darasa linanirudia, nami siwezi kulala nalo peke yangu.

Nilikuwa darasa la tano, kwako. Mvua ilikuwa inapiga bati, ulikuwa umenisimamisha nisome kifungu kwa sauti. Benchi letu likacheka. Paskalia ndiye aliyecheka, alikuwa kulia kwangu. Wewe ulikuwa umesimama mbele yangu ukifuata usomaji wangu, unanitazama mdomoni, maana ulitaka nitamke vizuri. Mdomo wangu ulikuwa na kazi nyingine, Papa. Ukaniita mbele, ukanichapa, kuliko ulivyowahi kumchapa yeyote mwaka ule, halafu ukawaambia wote kwamba katika darasa lako hakuna mtoto wa mwalimu. Direkta wa shule alipita dirishani akakusifu. Nyumbani ulikula ugali wako ukaniuliza kama nimechota maji.

Sikuandikii kukushtaki. Ningekushtaki kwa uso gani, baada ya haya niliyokueleza? Miaka yote nilijiambia kwamba mvua ilikuwa na kelele na hukujua sauti ilitoka wapi. Nilikuwa naishi vizuri na jibu hilo. Sasa mimi mwenyewe nimesimama mahali pale pale uliposimama, na ninajua jinsi mtu anavyoona vizuri kutoka pale.

Niambie tu kama uliona. Usinieleze sababu, sababu ninazijua zote. Gaëlle alingoja majuma mawili, akakonda. Mimi ni mtu mzima, nimengoja bila kujua kwamba nangoja.

Mpe Mama salamu zangu nyingi, mwambie asikae kwenye moshi asubuhi kifua kisimrudie. Msalimu Jonathan na mke wake na watoto, na wote wa kanisani watakaouliza habari zetu, waambie tuko hai na tunawakumbuka kwa sala. Sébastien anakuinamia. Gaëlle ameniuliza naandika kwa nani, nikamwambia ni kwa babu yake, akasema nimwandikie kwamba anamsalimu na kwamba anakimbia. Mungu awafunike na mkono wake katika siku hizi ngumu, na aulinde mgongo wako mpaka tuonane.

Mimi binti yako, niliyekuwa nikisoma,

Denise